Kesi ya Uso wa Shengena

Tulipomzika baba, kila aliyeshika kipaza sauti alimgeuza chuma. Mmoja alisema marehemu hakuwahi kushindwa na jambo. Mwingine akasema tangu amfahamu hajawahi kumsikia akilalamika, na hapo mama, aliyeishi naye miaka yote ile, aliinamisha uso akajifanya anafunga vizuri mtandio wake. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma na kikombe cha chai ya tangawizi, tangawizi mbichi ya kwetu milimani, na harufu yake ikanipanda puani pamoja na hasira. Nilitaka kusimama niwaambie kwamba baba yangu alishindwa na mambo mengi tu, na kwamba alilalamika mpaka majirani wa ng'ambo ya bonde wakachoka kumsikia. Lakini kitinda mimba hasimami msibani kumsahihisha mchungaji, kwa hiyo nikanywa chai yangu.

Hasira ile niliijua. Niliwahi kuwa nayo utotoni, na wakati huo nilimkasirikia mtu wa karatasi. Aliitwa Shengena, kama ule mlima wetu unaoipita milima yote ya Upare kwa urefu, na aliyemchora alikuwa kaka yangu Eliudi.

Eliudi alikuwa amemaliza kidato cha nne huko chini Same, amerudi nyumbani kusubiri matokeo, na kijana anayesubiri matokeo ni mzigo ndani ya nyumba. Halimi vizuri kwa kuwa eti ataitwa shule tena wakati wowote, halali vizuri kwa wasiwasi, ila kula anakula. Alichorudi nacho kutoka mjini ni mapenzi ya vijarida vya katuni. Wenzangu wa rika langu mtavikumbuka, vilivyokuwa vikining'inizwa kwa vibanio vya nguo pale stendi, upepo wa Same ukivipiga na vumbi lake mpaka muuzaji ashindwe kusoma bei. Eliudi akasema naye atachora cha kwake. Karatasi hatukuwa nazo, akakusanya kalenda kuukuu za ukutani, za maduka na za kanisa, akawa anachora upande wa nyuma ulio mweupe. Kila siku ya gulio alibandika ukurasa mmoja kwenye ukuta wa ghala la tangawizi, pale watu waliposimama foleni kupimiwa mizigo. Mtu aliye kwenye foleni husoma chochote, hata maandishi ya gunia, kwa hiyo Shengena hakukosa wasomaji.

Shengena wa mwanzo alikuwa raha tupu. Mabega yake yaligusa kingo zote mbili za kalenda. Aliinua lori lililotumbukia korongoni, alizuia mafuriko kwa kiganja kimoja, aliruka kutoka mlimani mpaka tambarare kwa pumzi moja huku shuka lake likipepea nyuma. Misuli ile yote Eliudi aliitoa kwa baba, maana baba ndiye aliyekuwa mtu wa nguvu pale kijijini, yule anayeitwa gari likikwama, anayeteremka na magunia mawili ya tangawizi huku wenzake wakihangaika na moja. Baba alitoka uani kifua wazi, akainua gogo la kuni juu ya kichwa, akasimama hivyo mpaka Eliudi amalize, akinung'unika kwamba anapotezewa muda na huku tumbo amelivuta ndani. Yalianza mabega ya baba, ikafuata mikono, na siku zilivyokwenda hata uso ukawa wake, pamoja na yale masikio yake yaliyotoka nje. Mimi sikuona kwamba wawili hawa wanafanana. Niliona ni mtu mmoja. Nilidhani Eliudi anachora yale ambayo baba huyafanya sisi tukiwa shuleni.

Walionichosha ni wasomaji. Watu wa kwetu huwezi kuwapa kitu wakakipokea kama kilivyo. Ukurasa wa pili tu, jirani yetu Bibi Nambike aliuliza huyu Shengena ni mtoto wa nani na ni wa ukoo gani, maana mtu mzima hawezi kutokea angani hivi hivi. Eliudi akamchorea mama. Mwinjilisti akauliza mbona Jumapili haonekani. Eliudi akamchora amekaa benchi la nyuma kanisani, magoti yamemfika kidevuni. Mzee mmoja akasema kijana anaingia kwenye watu anaokoa lori bila hata kusema shikamoo, huyo hakulelewa. Basi Shengena akaanza kusalimia. Kuna ukurasa ambao lori linaning'inia ukingoni, dereva katoa macho dirishani, na Shengena bado anaitikiwa marahaba na wazee mmoja mmoja. Watu walicheka mpaka mpimaji akakosea kusoma mizani na foleni ikagombana. Siku nyingine Shengena alirusha magunia ya tangawizi juu ya lori kama mipira, na mtu akasema Mpare gani huyo anapakia mzigo kabla hajauliza bei, labda mama yake aliolewa na Mchaga.

Mimi sikucheka hata mara moja. Niliona wanamharibu.

Kilichomaliza mambo ni ukurasa wa mfereji. Kwetu mashamba hunyweshwa kwa maji ya ndiva, bwawa la wazee wetu lililojengwa juu kwenye kilima ili maji yakusanyike usiku na yafunguliwe asubuhi kwa zamu. Ndiva ikijaa tope au mfereji ukibomoka, pembe hupulizwa, na kila nyumba hutoa mtu na jembe lake. Kazi hiyo ya pamoja ndiyo msaragambo. Eliudi akamchora Shengena amezibua mfereji mzima peke yake, kwa pigo moja la jembe, huku kijiji kimelala. Mimi niliuona ukurasa ule kuwa mzuri kuliko yote aliyowahi kuchora. Foleni haikucheka wala kusifu. Mwenyekiti wa kitongoji, mzee mpole aliyechoka, aliyekuwa amesuluhisha magomvi ya mipaka ya migomba tangu kabla sijazaliwa, alivaa miwani akautazama kwa muda mrefu. Kisha akamwambia Eliudi kwamba mtu anayefanya msaragambo peke yake amewatukana wenzake wote, na kwamba yeye asingependa kuwa na jirani wa namna hiyo.

Eliudi alirudi nyumbani. Nilimwambia asiwasikilize, wana wivu. Akanijibu huku akichonga penseli kwa wembe.

"Mtu asiyechoka, asiyeumia, asiyehitaji mtu," alisema, "gulio lijalo nitamchora anafanya nini?"

Nikamwambia aruke tena. Akaniangalia kama mtu anayeangalia mbuzi.

Muda mfupi baadaye baba akaanguka. Njia ya kutoka shambani ilikuwa na utelezi, alikuwa na magunia yake mawili kama kawaida, na mzigo ukamlalia ubavuni akiwa chini. Alipelekwa hospitali, akakaa huko siku nyingi, akarudi na fimbo na nyonga ambayo haikuwa tena ya kuamini. Daktari alimwambia mama mbele yetu sote kwamba mzee lazima atembee kila siku, pole pole, atoke, apande na kushuka kidogo kidogo, la sivyo mguu utakauka na hatanyanyuka tena. Baba aliitikia ndiyo daktari, ndiyo daktari. Alipofika nyumbani aliketi kwenye kiti chake uani, na tangu hapo hakuuvuka ua. Watu walipomuuliza akasema alijikwaa, anapumzika.

Hakwenda kanisani, hakwenda gulioni, na mguu ukawa unakonda suruali ikielea. Mama alibembeleza, akaomba, akanuna, akarudi kubembeleza. Alimwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Baba akajibu kwamba hajaficha kitu, si wanamwona amekaa hapa. Huwezi kubishana na mtu wa hivyo, utapasuka kichwa.

Ikaja pembe ya msaragambo. Kwetu anayekosa bila sababu hulipa faini ya kuku. Mgonjwa halipi, lakini msimamizi wa mfereji humtaja kwa jina mbele ya watu wote kabla kazi haijaanza. Fulani anaumwa, tumsamehe. Baba hakutaka kutajwa. Ningali namwona ameshika mkono wa kiti, anamwambia mama atoe kuku mmoja apelekwe, ili yeye alipe faini kama mtu mzima wa afya aliyekuwa na shughuli zake. Mama alidhani anatania. Baba hakuwa anatania. Nikatumwa mimi, na pembe ilipolia tena baadaye nikatumwa tena, na tena, maana mwaka ule mvua zilibomoa mfereji kila ulipozibuliwa.

Ninyi mngejua nilivyobeba kuku wale. Nilikwenda kifua mbele, kuku kwapani, nikipita katikati ya watu wenye matope magotini, na kumkabidhi msimamizi. Sikujua neno faini lina maana gani. Nilijua watu wa kawaida huenda msaragambo kulima tope, na baba yangu, kwa kuwa yeye ni Shengena, hutuma kuku. Nilidhani wafalme hufanya hivyo. Msimamizi alipokea akiangalia pembeni, na Bibi Nambike alinishika kichwa akaguna, nami nikachukulia kwamba wananyenyekea.

Nyumbani mayai yakaanza kuwa machache. Mama alikuwa akiuza mayai yale kutununulia sabuni na mafuta ya taa, na sasa alisimama mlangoni mwa banda akiangalia nafasi zilizo wazi. Siku moja alisema, bila kumwangalia mtu, "Kuku wangu wanamalizika kwa kwenda msaragambo, yeye mwenyewe amekaa." Baba alisikia. Aligeuza kiti kidogo akatazama upande wa mlima.

Katika siku zile zile Shengena alianza kubadilika ukutani. Haikutokea kwa ghafla, na ndiyo maana iliniuma zaidi. Kwanza mabega yalipungua, yakaacha nafasi ya anga pembeni. Kisha suruali ikapata mikunjo kwenye magoti, kama ya mtu anayeketi sana. Eliudi aliacha kutumia kalamu nene ya rangi, akawa anatumia kalamu ya wino ya kawaida na mistari midogo midogo, na chini ya macho ya Shengena kukawa na kivuli. Bega moja likashuka. Siku nyingine nilitazama viatu nikaona cha kulia kimelika upande wa nje, cha kushoto hakijalika. Niliporudi nyumbani nikatazama viatu vya baba chini ya kitanda. Cha kulia kilikuwa kimelika vile vile.

Hapo ndipo nilipofikia uamuzi wangu wa kitoto, na ukinicheka leo sitakulaumu. Nikaamini kwamba Eliudi ndiye anayemlegeza baba. Baba aliugua kwa kuwa Shengena anachorwa vibaya, na kama Shengena angerudi kuruka, baba naye angeinuka kwenye kile kiti. Jambo lilikuwa rahisi hivyo na mtu mzima mwenye kalamu hakutaka kulifanya. Nilimganda Eliudi asubuhi na jioni. Mchore anaruka. Mchore ameinua hata pikipiki. Nilimwambia mabega anajua kuyachora, mbona anayachora mabaya kwa makusudi. Alijaribu kunieleza, naye maskini hakuwa na maneno. Alisema kumchora mtu akiinua lori ni rahisi, unajaza wino tu, ila kumchora mtu mwenye nguvu anayeshindwa kuinuka kwenye kiti, na anayemtazama aendelee kuona kwamba ana nguvu, hilo amelifuta mara nyingi mpaka karatasi imetoboka. Nikamwambia basi aache kulichora. Nilikuwa na akili kuliko yeye, nilivyojiona.

Kisha likaja gulio ambalo nilimkuta Shengena amekaa chini.

Ukurasa ulikuwa mmoja, mkubwa, hauna vijisanduku vya kawaida. Ndiva imebomoka, watu wote wako kazini, wanawake wana karai kichwani, wanaume wako kwenye tope. Na pembeni, juu ya jiwe, Shengena amekaa, mguu wa kulia ameunyoosha mbele, fimbo iko kando yake, nyundo ndogo mkononi, anaponda kokoto za kujengea ukingo. Shuka lake lile la kurukia amelikunja akalikalia. Uso ni wa baba, kila mstari, masikio na yote.  Mtu mmoja tu alisema kokoto kweli zinahitajika, ukingo wa udongo hausimami. Wengine wakaitikia kwamba hilo ni kweli, wakaanza kubishana juu ya saruji.

Sikuamini. Nilikuwa nimesubiri lori liinuliwe. Nilikimbia kupandisha kilima, nikafika uani bila pumzi, nikamwambia baba yote. Nilimwambia Eliudi amemfanya Shengena kiwete, ameukalisha uso wa baba mwenyewe juu ya jiwe, na kijiji kizima kinautazama. Sijutii hata leo kwamba nilisema. Nilitaka baba amkomeshe.

Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba shati lake la kanisani na fimbo.

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi akamuuliza anakwenda wapi. Baba, akifunga vifungo, akasema anakwenda kushitaki. Mama aliweka mwiko juu ya ukuta. Alimkumbusha kwamba alimwomba aende kanisani akakataa, akamwomba aende hata kwa jirani akakataa, daktari aliyesoma akamwambia atembee akakataa, na leo kumshitaki mwanawe wa kumzaa amepata miguu. Baba alisema hii ni tofauti, hii ni haki yake. Mama akanitazama mimi, kana kwamba katika nyumba ile nilikuwa nimebaki mwenye akili peke yangu, akavua aproni akatufuata.

Ile safari ya kuteremka mpaka ghalani, njia niliyoikimbia muda mfupi uliopita, ilituchukua mchana mzima. Baba alisimama kila penye jiwe, akijifanya anaangalia mashamba ya watu na kukosoa mistari yao ya tangawizi. Jasho lilimlowanisha shati. Hakukubali mkono wa mama. Tulipofika watu walifungua njia, na wote wakaona, sitaki kuwaficha, wote waliona jinsi anavyoutupa ule mguu kabla ya kuukanyagia. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwepo kwa tangawizi yake mwenyewe. Baba akamwambia ana shauri, na kwa kuwa kielelezo kiko ukutani, lisikilizwe pale pale. Mwenyekiti aliangalia gunia lake lililokuwa limebakiza watu wawili kufika kwenye mizani, akashusha pumzi, akakaa juu yake.

Eliudi alisogea mbele na wino kwenye vidole. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Leo mimi si baba yako, ni mlalamikaji."

Akaeleza shauri lake, kwa sauti ya mtu aliyelipanga njia nzima. Kijana huyu amechukua uso wake bila idhini, akambandikia mtu asiyejiweza, akaweka hadharani siku ya gulio. Anadai haki. Eliudi alipopewa nafasi alisema kwa adabu kwamba Shengena si mtu, ni hadithi, hana uso wa yeyote. Watu wakaguna, kwa sababu masikio yalikuwa pale ukutani na yalikuwa pale kichwani pa baba, kila mwenye macho akiyaona. Mwenyekiti alitazama picha, akamtazama baba, akarudi kwenye picha. Alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati.

"Mwenzangu, nisaidie," alisema. "Huyu wa kwenye picha ana mguu mbovu. Kama si wewe, huna kesi, tuache tukapime tangawizi. Kama ni wewe, kesi umeshinda. Lakini kama ni wewe, basi unaumwa, na kwetu mtu anayeumwa halipi kuku. Sasa niambie mbele ya hawa. Huyu ni nani?"

Asiye wa kwetu hawezi kuujua uzito wa swali lile. Watani wetu husema Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, na sisi hukasirika kwa kuwa ni kweli. Baba alikuwa na njia mbili. Angeweza kusema si yeye, akarudi nyumbani na heshima yake na kiti chake, na kesi akaiacha imeanguka mbele ya foleni nzima. Au angeweza kushinda. Nilimshika suruali. Nilikuwa namwombea aseme si yeye, niliomba huku nimeuma meno, kwa sababu nilijua akisema ni yeye basi mambo yamekwisha na hakuna atakayeruka tena.

Baba alisogea mpaka kwenye ukuta. Aliangalia karatasi kwa karibu, kama anavyoangalia mbegu kabla ya kununua. Sijui alikuwa anatafuta nini, dharau labda, na kama ilikuwepo angeiona, maana alikuwa hodari wa kuona dharau hata pasipokuwa nayo. Mwishowe aliegemea fimbo kwa mikono miwili.

"Ni mimi," akasema.

Hakuna aliyecheka. Mama alijifunika mdomo kwa mtandio.

"Nimeshinda?" baba akauliza.

"Umeshinda," mwenyekiti akasema, akainuka juu ya gunia lake.

Baba akataka fidia ya kuku, maana hakujua kuacha. Mama akasema kwamba kuku wa nyumba ile hataondoka tena bandani kwa sababu yoyote, awe wa faini au wa fidia, na mahakama inayotaka kuku ikanunue wake. Watu walipomaliza kucheka, baba akasema basi, fidia yake ni kwamba picha irekebishwe, kwa sababu jiwe la kupondea limewekwa karibu mno na goti na mtu yule angejipiga. Eliudi akalikwangua kwa wembe, akachora jiwe mbali kidogo. Baba akasema bado, na mgongo usinyooke vile. Walisimama pale wawili, mmoja na kalamu na mwingine na fimbo, wakigombana juu ya goti, mpaka mpimaji akawaomba wapishe watu. Mimi nilikuwa nimekaa nje chini ya ukuta nimevimba. Baba alikuwa ameulizwa kama ana nguvu au hana, mbele ya kila mtu, naye kwa ajili ya ushindi wa kesi akasema hana. Nililiona jambo la kijinga kuliko yote niliyowahi kuyashuhudia.

Pembe ilipolia tena, hakuna kuku aliyetolewa. Baba alivaa nguo za shamba, akachukua nyundo ya Eliudi ya misumari, tukapanda wote kwenda kwenye ndiva. Watu walitupita njiani wakisalimu, na hakuna aliyejitolea kumshika mkono, maana walimfahamu. Msimamizi alitaja wagonjwa wake, jina la baba halikuwemo. Alipoanza kuwaita waliofika, baba aliitikia nipo, akiwa tayari ameshakaa juu ya jiwe, mguu mbele.

Hakuwa hodari wa kokoto. Alijiponda kidole mapema, akatukana kwa Kipare, akanyonya kidole akaendelea. Nilisimama mbele yake nimekunja mikono. Nilingoja. Mpaka dakika ile sehemu fulani ya kichwa changu ilikuwa inangoja ainuke, atupe nyundo, ashike ukingo ule mzima wa ndiva kwa mikono yake na kuurudisha mahali pake, na mimi niwaambie watu wote si niliwaambia.

Aliniita. Siku zote aliniita mama, kwa sababu nimebeba jina la mama yake.

"Mama, nisogezee jiwe lile."

Lilikuwa jiwe kubwa. Nililishika likanishinda, nikalishika tena. Nikamwangalia, kwa kuwa maisha yangu yote kitu kikinishinda baba alikuwa anakuja kukichukua kwa mkono mmoja, huku anazungumza na watu wengine. Hakuja. Aliweka nyundo pajani, akakaa pale pale ananiangalia, hana haraka, ananingoja. Nililia kwa hasira mpaka kamasi zikanitoka, nikainama nyuma ya lile jiwe, nikalisukuma mpaka miguuni pake.